Kuondoa Mistari Iliyojirudia Katika Jedwali la Kanzidata: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mifano karibu yote hapa inatumia majedwali mawili ya chama cha kuweka na kukopa. Jedwali la `wanachama` lina safu za `id`, `jina`, `simu`, `barua_pepe` na `tarehe_kujiunga`. Jedwali la `malipo` lina `id`, `mwanachama_id`, `kiasi`, `namba_muamala` na `wakati`. Pale ambapo programu za kanzidata za PostgreSQL, MySQL, SQL Server, Oracle na SQLite zinatofautiana, tofauti hiyo imetajwa.

## Kabla ya kufuta chochote

1. Mstari uliojirudia ni upi hasa?

Ni mstari unaoeleza kitu kimoja ambacho mstari mwingine umekwisha kukieleza. Kanzidata haiwezi kukujibia kama mistari miwili inaeleza kitu kimoja; anayeweza kukujibu ni yule anayejua mstari mmoja wa jedwali hilo unasimama badala ya nini. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuandika amri, bali ni kukaa na mwenye taarifa na kukubaliana ni safu zipi, zikichukuliwa kwa pamoja, zinatambulisha kitu kimoja.

Chukua mistari miwili ya malipo: mwanachama yuleyule, shilingi 5,000, siku ileile. Ukiitazama kwa haraka utasema mmoja umejirudia. Lakini mwanachama huyo huenda alilipa hisa asubuhi na mchango wa msiba jioni. Ukiufuta mmoja umemnyang'anya mtu fedha yake, na atakapokuja na ujumbe wa simu mkononi hutakuwa na la kumjibu. Kinachotambulisha malipo ni namba ya muamala, si kiasi na tarehe.

Upande wa wanachama, wengi hukimbilia namba ya simu. Nyumba nyingi hutumia simu moja, na mume na mke wanaweza kuwa wameandikishwa kwa namba ileile. Ndiyo maana katika mifano ya hapa mwanachama anatambulishwa kwa simu pamoja na jina. Chama chako kikiwa na namba ya kitambulisho cha taifa kwa kila mtu, itumie hiyo.

2. Kwa nini kanzidata inakubali mistari ijirudie?

Kwa nadharia haipaswi kukubali. Edgar F. Codd, aliyekuwa mtafiti wa IBM, alipochapisha muundo wa uhusiano mwaka 1970, aliufafanua uhusiano (yaani jedwali) kama seti ya hisabati, na katika seti kitu kimoja hakihesabiwi mara mbili. Lugha ya SQL iliyokuja baadaye ililegeza jambo hilo: jedwali lisilo na ufunguo wa msingi (safu inayotambulisha kila mstari) wala sharti la upekee (linalokataza thamani kujirudia) hupokea mistari inayofanana bila kikomo.

Kuwapo kwa safu ya `id` inayojiongeza yenyewe hakubadilishi hali hii kwa kiasi ambacho watu hudhani. Kila mstari unaoingia hupewa namba mpya, kwa hiyo mwanachama yuleyule akiandikishwa mara tatu atapata `id` tatu, na kanzidata itaridhika kabisa.

3. Nitaigunduaje mistari iliyojirudia?

Panga mistari katika makundi kwa safu zile mlizokubaliana, kisha utazame makundi yenye zaidi ya mstari mmoja:

```sql
SELECT simu, jina, COUNT(*) AS mara
FROM wanachama
WHERE simu IS NOT NULL
GROUP BY simu, jina
HAVING COUNT(*) > 1
ORDER BY mara DESC;
```

Usiishie kuona idadi. Chukua makundi kumi au ishirini, fungua mistari yake yote na uisome safu kwa safu. Mara nyingi hapo ndipo utakapojua chanzo cha tatizo: kama mistari yote imeingia ndani ya dakika moja, huenda faili lilipakiwa mara mbili; kama imeachana kwa miezi, huenda karani alishindwa kumpata mwanachama alipomtafuta, akamwandikisha upya. `NULL` ni alama ya thamani isiyojazwa; sababu ya kuweka `simu IS NOT NULL` imeelezwa katika swali la 12.

4. Je, `SELECT DISTINCT` haitoshi?

Huficha marudio katika matokeo unayoyaona, lakini jedwali linabaki vilevile. Tena hulinganisha safu zote ulizozitaja, hivyo ukiijumuisha `id` haitaondoa kitu. Ukiikuta `DISTINCT` imetiwa kwenye ripoti bila maelezo, chunguza. Huenda kuna mtu aliyeona marudio akayafunika.

## Kufuta kwenyewe

5. Katika kila kundi, nibakishe mstari upi?

Hakuna jibu moja. Wengine hubakisha wa zamani zaidi kwa sababu namba yake ndiyo iliyochapishwa kwenye kadi ya mwanachama. Wengine hubakisha wa karibuni kwa sababu anwani yake ndiyo sahihi. Kwa wanachama mimi huegemea upande wa mstari wa zamani, kisha nikauongezea taarifa mpya kutoka kwa wenzake kama inavyoelezwa katika swali la 10.

Vyovyote utakavyoamua, kanuni yako lazima itoe mshindi mmoja tu. Ukipanga kwa tarehe peke yake na mistari miwili ikawa na tarehe moja, kanzidata itachagua yoyote, na ukirudia amri huenda ikachagua mwingine. Malizia mpangilio kwa `id` ili sare isiwepo.

6. Ni amri gani inayofuta na kubakisha mmoja?

Hii ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa sehemu yake ya ndani inaweza kuendeshwa peke yake na kusomwa kabla ya kufuta:

```sql
DELETE FROM wanachama
WHERE id IN (
  SELECT id FROM (
    SELECT id,
           ROW_NUMBER() OVER (
             PARTITION BY simu, jina
             ORDER BY tarehe_kujiunga, id
           ) AS nafasi
    FROM wanachama
    WHERE simu IS NOT NULL
  ) orodha
  WHERE nafasi > 1
);
```

`PARTITION BY` hutenga makundi, `ORDER BY` hupanga foleni ndani ya kila kundi, na `ROW_NUMBER` humpa kila aliye kwenye foleni namba yake. Wa kwanza hubaki. Wa pili na kuendelea huondoka. Utaratibu huu uliingia katika kiwango cha SQL cha mwaka 2003. PostgreSQL iliupata katika toleo la 8.4 mwaka 2009, na MySQL 8.0 pamoja na SQLite 3.25 ziliupata mwaka 2018.

Kama bado uko kwenye MySQL ya zamani, unganisha jedwali na lenyewe. Amri hii hubakisha `id` ndogo zaidi:

```sql
DELETE w2
FROM wanachama w1
JOIN wanachama w2
  ON  w1.simu = w2.simu
  AND w1.jina = w2.jina
  AND w1.id < w2.id;
```

Wanaotumia MySQL hukutana pia na kosa namba 1093, linalokataza kufuta kutoka jedwali huku ukilisoma jedwali hilohilo katika swali la ndani, yaani `SELECT` iliyo ndani ya amri. Njia ya kulikwepa ni kulifunga swali la ndani katika jedwali la muda lenye jina lake, na ndiyo kazi ya `orodha` katika amri ya kwanza.

7. Nichukue tahadhari gani kabla ya kuiendesha?

Kwanza, chukua nakala ya akiba ya jedwali, na uhakikishe kwamba unaweza kuirejesha. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hata mara moja usiitegemee.

Pili, fungua muamala wa kanzidata, yaani kundi la amri zinazothibitishwa au kutenguliwa kwa pamoja, kwa `BEGIN` (kwenye SQL Server ni `BEGIN TRANSACTION`, na Oracle huufungua yenyewe), hesabu mistari, futa, hesabu tena. Kama hesabu ya kwanza ilisema kuna mistari 214 ya ziada na amri imefuta 2,140, andika `ROLLBACK` ili kutengua, na usome amri yako upya. Ikilingana, ndipo uandike `COMMIT` ili kuthibitisha. Kumbuka kwamba katika MySQL na Oracle amri zinazobadilisha umbo la jedwali, pamoja na `TRUNCATE`, hufunga muamala papo hapo bila kukuuliza, na baada ya hapo `ROLLBACK` haina cha kurudisha.

Tatu, ihamishie mistari unayoifuta kwenye jedwali la kando, pamoja na tarehe uliyoifuta. Nafasi inayochukua ni ndogo, na mwanachama akija baada ya miezi mitatu kudai kwamba rekodi yake imepotea utaweza kumwonyesha.

8. Jedwali langu halina ufunguo wa msingi na mistari inafanana kila kitu. Nitautajaje mmoja tu?

Hapa unahitaji anwani ya ndani ambayo kanzidata yenyewe huutambulishia mstari. Oracle ina `ROWID`, SQLite ina `rowid` kwa majedwali ya kawaida, na PostgreSQL ina `ctid`, kama katika mfano huu wa jedwali la `malipo_ghafi` lisilo na `id`:

```sql
DELETE FROM malipo_ghafi a
USING malipo_ghafi b
WHERE a.ctid > b.ctid
  AND a.simu  IS NOT DISTINCT FROM b.simu
  AND a.kiasi IS NOT DISTINCT FROM b.kiasi
  AND a.wakati IS NOT DISTINCT FROM b.wakati;
```

Usiihifadhi `ctid` popote kwa matumizi ya baadaye, kwa kuwa hubadilika mstari unaposasishwa. SQL Server hukuruhusu kuandika `ROW_NUMBER` ndani ya `WITH` kisha kufuta moja kwa moja kutoka kwenye jina ulilolipa. MySQL haina anwani ya namna hii unayoweza kuifikia. Ongeza safu ya `id` inayojiongeza, kisha urudi swali la 6.

## Pale majedwali mengine yanapotegemea mistari hiyo

9. Malipo yameshikamana na wanachama ninaotaka kuwafuta. Nifanyeje?

Hapa ndipo madhara makubwa hutokea. Ufunguo wa kigeni (kiungo kinachofunga `mwanachama_id` ya malipo na `id` ya mwanachama) ukiwa umewekwa kwa `ON DELETE CASCADE`, kumfuta mwanachama wa ziada hufuta na malipo yake yote, na idadi ya mistari utakayoonyeshwa kwa kawaida ni ya wanachama tu. Niliwahi kukisaidia chama kimoja kilichosafisha orodha ya wanachama jioni, na asubuhi mizania ikakataa kukaa sawa. Orodha ilikuwa safi kweli; michango ya waliofutwa ndiyo iliyokuwa imekwenda nao. Tuliirudisha kutoka nakala ya akiba, mstari kwa mstari, kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo tengeneza kwanza ramani inayoonyesha nani anaondoka na nani anabaki badala yake:

```sql
CREATE TABLE ramani AS
SELECT id AS anayeondoka, anayebaki
FROM (
  SELECT id,
         FIRST_VALUE(id) OVER (
           PARTITION BY simu, jina
           ORDER BY tarehe_kujiunga, id
         ) AS anayebaki
  FROM wanachama
  WHERE simu IS NOT NULL
) orodha
WHERE id <> anayebaki;
```

(Kwenye SQL Server utatumia `SELECT ... INTO ramani`.) Kisha hamisha malipo:

```sql
UPDATE malipo
SET mwanachama_id = (
  SELECT anayebaki FROM ramani
  WHERE ramani.anayeondoka = malipo.mwanachama_id
)
WHERE mwanachama_id IN (SELECT anayeondoka FROM ramani);
```

Rudia hivyo kwa kila jedwali linalomtaja mwanachama: mikopo, wadhamini, mahudhurio. Yatafute yote katika katalogi ya kanzidata badala ya kutegemea kumbukumbu, na usisahau majedwali yanayohifadhi `id` ya mwanachama bila kutangaza ufunguo wa kigeni, kwani hayo hayatakupa onyo lolote. Jumla ya fedha katika `malipo` lazima iwe ileile kabla na baada. Likishatimia hilo, wafute waliomo kwenye `ramani`.

10. Mstari mmoja una barua pepe, mwingine hauna. Sitaki kupoteza taarifa.

Basi unganisha kabla ya kufuta. Kwa kila safu ambayo anayebaki hana thamani, ichukue kwa anayeondoka. `COALESCE` hufanya hivyo kwa kurudisha thamani ya kwanza isiyo tupu. Pale ambapo wote wawili wana thamani na zinatofautiana, usiiachie amri iamue. Toa orodha ya migongano hiyo na umpelekee karani anayewafahamu wanachama.

## Mistari inayofanana machoni lakini si kwa kanzidata

11. Naona majina mawili yaleyale, lakini `GROUP BY` inayatenga. Kwa nini?

Kwa sababu kuna herufi usiyoiona. Pima urefu. `Asha Juma` ina herufi 9. Ukipata 10, huenda kuna nafasi tupu mwishoni, na `TRIM` itaiondoa. Kesi ngumu zaidi ni ile ambapo majina yote mawili yana herufi 9 lakini bado hayalingani. Pima sasa kwa baiti: katika PostgreSQL tumia `OCTET_LENGTH`, katika MySQL `LENGTH` yenyewe huhesabu baiti. Jina moja likitoa 9 na jingine 10, nafasi iliyo katikati ya `Asha` na `Juma` huenda ni ile isiyokatika, yenye msimbo U+00A0, ambayo katika UTF-8 huchukua baiti mbili. Huingia watu wanaponakili majina kutoka kurasa za wavuti na nyaraka, na `TRIM` ya kawaida haiigusi. Ibadilishe kwa `REPLACE` iwe nafasi ya kawaida.

Herufi kubwa na ndogo nazo ni suala la mpangilio wa ulinganishaji, yaani kanuni ambazo kanzidata hulinganishia herufi. MySQL 8.0, ikiachwa ilivyo, huona `ASHA` na `asha` kuwa kitu kimoja. PostgreSQL huviona kuwa viwili. Amri ileile basi inaweza kufuta mistari mingi zaidi katika MySQL kuliko ulivyoijaribu kwenye PostgreSQL.

Namba za simu zina mkasa wake. Mtu mmoja wa Tanzania anaweza kuonekana kama `0700000001`, `+255700000001`, `255700000001`, na hata `700000001` baada ya lahajedwali kuila sifuri ya mwanzo. Geuza zote ziwe katika umbo la kimataifa kabla ya kulinganisha. Usifuate njia ya mkato ya kulinganisha tarakimu tisa za mwisho: Kenya nayo ina namba zinazoanza na 07, kwa hiyo mwanachama wa Namanga upande huu na wa upande ule wanaweza kugongana kwa tarakimu hizo tisa wakati mmoja ni +255 na mwingine ni +254.

12. Safu zenye `NULL` zinahesabiwaje?

Kwa namna mbili zinazopingana. Ukilinganisha `NULL` na `NULL` kwa alama ya `=`, jibu si kweli wala si uongo, bali haijulikani, kwa hiyo kuunganisha jedwali na lenyewe hakutaikuta mistari hiyo. Lakini `GROUP BY` na `PARTITION BY` huziweka `NULL` zote katika kundi moja. Ukiendesha amri ya swali la 6 bila sharti la `simu IS NOT NULL`, akina Juma Ali wawili wasio na simu watageuzwa kuwa mtu mmoja. Unapotaka kwa makusudi kulinganisha `NULL` kama thamani, tumia `IS NOT DISTINCT FROM` katika PostgreSQL au `<=>` katika MySQL.

13. Je, Mohamed, Muhammad na Mohammed niwahesabu mtu mmoja?

Kwa amri ya kufuta, hapana. Tahajia za majina yetu hutofautiana kwa karani na kwa cheti, na kufanana kwa sauti si ushahidi. Unaweza kutumia ulinganifu wa karibu kutengeneza orodha ya kuchunguzwa na binadamu, hasa pale ambapo simu au tarehe ya kuzaliwa pia inalingana. Uamuzi wa kuunganisha watu wawili ufanywe na mtu, mmoja baada ya mwingine.

## Majedwali makubwa

14. Nina mamilioni ya mistari. Amri inachukua saa nyingi na watu wanashindwa kufanya kazi.

Kwanza weka faharasa ya kawaida (orodha inayoisaidia kanzidata kuipata mistari haraka) kwenye safu unazolinganisha. Kisha futa kwa mafungu, kila fungu katika muamala wake, ili kufuli zinazowazuia wengine kuigusa mistari hiyo ziachiwe mara kwa mara. Kwenye SQL Server weka fungu chini ya mistari 5,000, kwa kuwa amri moja inapofikisha kufuli zipatazo 5,000 kanzidata inaweza kulifunga jedwali zima.

Kama mistari ya kufutwa ni mingi kuliko ya kubaki, mara nyingi ni haraka zaidi kuijaza mistari inayobaki katika jedwali jipya, kujenga faharasa zake, kisha kubadilishana majina. Hakikisha umehamisha pia ruhusa, vichochezi na funguo za kigeni, na kwamba hakuna anayeandika kwenye jedwali la zamani wakati huo.

15. Nimefuta nusu ya jedwali lakini diski haijapungua.

Ni kawaida. PostgreSQL huiacha nafasi hiyo ndani ya faili ili itumiwe na mistari mipya. `VACUUM` huiweka tayari, na `VACUUM FULL` huirudisha kwa mfumo wa kompyuta lakini hulifunga jedwali kabisa wakati wote wa kazi. MySQL yenye InnoDB (injini yake ya kuhifadhi majedwali) hutumia `OPTIMIZE TABLE`. Ikiwa jedwali litajaa tena, liache.

## Kuzuia yasirudi

16. Nitahakikishaje kwamba marudio hayarudi?

Kwa sharti la upekee, na liwekwe siku ileile unayomaliza kusafisha:

```sql
ALTER TABLE malipo
ADD CONSTRAINT malipo_muamala_pekee UNIQUE (namba_muamala);
```

Likikataa kuwekwa, bado kuna marudio. Katika PostgreSQL unaweza kujenga faharasa ya upekee kwa `CREATE UNIQUE INDEX CONCURRENTLY` bila kuzuia wanaoandika. Ikishindwa huacha faharasa batili ambayo ni lazima uiondoe kabla ya kujaribu tena.

Kuhusu `NULL`, PostgreSQL, MySQL na SQLite huruhusu nyingi chini ya sharti hili, ilhali SQL Server huruhusu moja tu. PostgreSQL 15 ya mwaka 2022 iliongeza `NULLS NOT DISTINCT` kwa anayetaka moja tu.

17. Programu yangu hukagua kwanza kama mstari upo. Sharti la nini tena?

Kwa sababu kati ya kukagua na kuandika kuna muda, hata ukiwa mfupi. Mtandao unasuasua, mtoa huduma za malipo hapati jibu, anatuma taarifa ileile mara ya pili. Maombi mawili yanakagua kwa pamoja, yote yanaona hakuna kitu, yote yanaandika. Sharti lililo ndani ya kanzidata ndilo linaloweza kulikataa la pili kwa uhakika. Programu nayo ipokee kukataliwa huko kwa utulivu:

```sql
INSERT INTO malipo (mwanachama_id, kiasi, namba_muamala, wakati)
VALUES (41, 5000, 'MFANO001', CURRENT_TIMESTAMP)
ON CONFLICT (namba_muamala) DO NOTHING;
```

Hiyo ni ya PostgreSQL tangu 9.5 na SQLite tangu 3.24. MySQL ina `ON DUPLICATE KEY UPDATE`. `INSERT IGNORE` ya MySQL naiepuka kwenye fedha, kwa kuwa hugeuza na makosa mengine kuwa maonyo, na thamani iliyoharibika inaweza kuingia bila mtu kujua.

18. Hatufuti wanachama, tunawawekea alama tu kwamba wameondoka. Akirudi, sharti linamkataa.

Weka upekee kwa walio hai peke yao. PostgreSQL na SQLite huruhusu faharasa yenye kichujio, na SQL Server vilevile:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX wanachama_hai_pekee
ON wanachama (simu, jina)
WHERE tarehe_kuondoka IS NULL;
```

Hapa tumeongeza safu ya `tarehe_kuondoka`. MySQL haina faharasa ya namna hii. Huko hutengenezwa safu inayokokotolewa, yenye thamani kwa aliye hai na `NULL` kwa aliyeondoka, kisha ikajumuishwa kwenye sharti, kwa kuwa `NULL` hazigongani. Kabla ya kumwandikisha upya anayerudi, waulize viongozi wa chama kama anaanza uanachama mpya au anaendeleza ule wa zamani. Akiendeleza, mstari wake upo tayari. Unachofanya ni kuiondoa ile tarehe.